KAMATI ZA SHULE VISIWANI: NANI AWASIMAMIE WASIMAMIZI?

Waziri anaposimama Bungeni na kutaja mabilioni ya shilingi ya elimu, sehemu ya fedha hizo mwisho wake hufika mbele ya watu wachache wasiojulikana nje ya kijiji chao: mkulima wa mihogo, mama anayeanika dagaa, mvuvi, seremala, mzee mstaafu, na Mwalimu Mkuu akiwa katibu wao. Hiyo ndiyo kamati ya shule. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 ndiyo iliyoziweka kamati hizo katika shule za msingi na bodi katika shule za sekondari, na ijapokuwa sheria hiyo imerekebishwa zaidi ya mara moja, nia yake ni ile ile: shule ya umma iwe na macho ya umma ndani yake. Leo twapenda kuuliza ni nani aliye jicho juu ya macho hayo, na hasa katika visiwa vya mkoa wetu wa Mwanza, kuanzia Ukerewe, Ukara na Irugwa hadi Kome na Maisome.

Swali hili hatuliulizi kwa kuwa tuna shule mkononi tunayotaka kuishtaki. Hatuna. Twaliuliza kwa sababu kazi waliyopewa watu hawa imekua mno katika miaka 20 hivi iliyopita, na njia ya kuwasimamia imebaki pale pale ilipokuwa.

Wenye umri wao wanaukumbuka mwezi wa Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma, kwenye ufuko wa ziwa hili hili letu, ikaazimia kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe mwaka 1977, badala ya mwaka 1989 kama ilivyokuwa imepangwa hapo kwanza. Madarasa yakajengwa kwa mikono ya wazazi, kwa tofali, mawe na mchanga uliobebwa vichwani. Kazi kubwa ya kamati ya wakati ule ilikuwa kuita watu. Hesabu yake ilikuwa hesabu ya jasho: nani amekuja na nani hakuja, nayo haikuhitaji mkaguzi kutoka mjini, kwa sababu tofali likiwekwa ukutani huonekana na kila apitaye. Shule nyingine zilikuwa na mashamba ya pamba au mihogo, na fedha za Elimu ya Kujitegemea ziliulizwa na wazazi baada ya mavuno, pengine kwa ukali kupita kiasi chake, maana mara nyingi hazikufika mbali.

Mambo yalibadilika mwaka 2002, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouzoea kwa jina la MMEM. Ada ya shule za msingi ikafutwa, na kamati zikaagizwa kufungua akaunti benki, kuandaa mpango wa shule, kusimamia ujenzi na kutoa taarifa kwa wazazi. Baadaye ukaja Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutekelezwa Januari 2016, ambao uliondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne. Na fedha za uendeshaji zikaanza kutumwa moja kwa moja katika akaunti ya kila shule bila kupitia kwanza halmashauri ya wilaya. Wengi tulilishangilia jambo hilo, na lilistahili kushangiliwa. Lakini fedha zilipoacha kupita wilayani, na lile jicho la wilayani lililokuwa likizitazama zikipita lilipungua nguvu, na mzigo wake ukaangukia kamati.

Tuzitazame fedha zenyewe. Kwa utaratibu ulioanza mwaka 2016, ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka iligawanywa hivi: shilingi 6,000 zifike shuleni, na zilizobaki zishikwe kwa ajili ya vitabu. Shule yenye watoto 500 basi hupata shilingi 3,000,000 kwa mwaka, yaani shilingi 250,000 kwa mwezi. Hizo ni fedha za chaki, karatasi za mitihani, bawaba za milango na misumari ya madawati. Mjumbe yeyote wa kamati anaweza kuzifuatilia kwa kutembea tu shuleni na kutazama. Sasa tuje mwaka 2021, Serikali ilipochukua kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa mkopo wa shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 nchini kote kwa shilingi milioni 20 kila moja. Shule ya watoto wale wale 500 ikipangiwa madarasa mawili, kamati yake inakabidhiwa shilingi milioni 40 kwa mkupuo, ambazo ni zaidi ya ruzuku ya miaka 13 ya shule hiyo. Nayo kazi yafanywa kwa mafundi wa hapo hapo kijijini, si kwa mkandarasi. Kuna kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi. Na tangu mwaka 2023 manunuzi ya umma yamepelekwa katika mfumo wa NeST, unaotaka kompyuta, umeme na mtandao. Mtu aliyekuwa akihesabu chaki anaamka asubuhi moja akiwa mpokeaji wa nondo.

Bara, jambo hili ni gumu. Visiwani ni gumu maradufu. Mifuko ya saruji ikipakiwa Mwanza au Nansio na kushushwa ufukweni Ukara au Irugwa, mahali pa kuihesabia ni pawili, na katikati pana maji. Mfuko uliolowa haujengi kitu, lakini katika stakabadhi bado ni mfuko. Nauli ya boti, ujira wa wapagazi, na siku mbili za kungoja upepo utulie, vyote hivyo ni gharama za kweli ambazo fundi wa Magu au Misungwi hazijui. Kamati isiyoziandika gharama hizo vizuri huonekana kuwa imeiba hata kama haikuiba. Na kamati iliyoiba hupata mahali pazuri pa kujificha, yaani ndani ya maji.

Katika maandishi, wasimamizi wa kamati ni wengi. Yuko Afisa Elimu Kata. Yuko Mkurugenzi wa Halmashauri na Mkaguzi wake wa Ndani. Wako Wathibiti Ubora wa Shule, ambao wazee wetu bado wanawaita wakaguzi. Yuko Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na wako TAKUKURU wanaofuatilia miradi. Mtu akiisoma orodha hiyo akiwa Dodoma ataridhika kwamba kamati ya shule imezungukwa kila upande. Akiisoma akiwa kisiwani atagundua kwamba, ukimwacha Afisa Elimu Kata, karibu wote hao wako ng'ambo. Wilaya ya Ukerewe peke yake ina visiwa 38, na ingawa si vyote vyenye makazi ya kudumu, afisa mmoja aliyeko Nansio hawezi kuvizunguka kwa pikipiki. Wala tusiwacheke watumishi wanaoahirisha safari ziwa linapochafuka. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Bwisya, Ukara, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakikingoja ufukweni, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Hakuna mkazi wa visiwani anayehitaji kuelezwa kwamba kuvuka maji si jambo la mzaha. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewapunguzia adha wenzetu wa Sengerema na Buchosa walioko nchi kavu, lakini Kome na Maisome bado ni kwa chombo.

Hivyo basi hali ilivyo ni hii: kamati ya shule kisiwani inasimamiwa na watu walio mbali ambao ni nadra kufika, na haisimamiwi na watu walio karibu ambao hawaambiwi kitu. Kwa maoni yetu kasoro yote imo katika nusu ya pili ya sentensi hiyo. Nusu ya kwanza yaweza kupunguzwa kwa boti na mafuta. Ya pili haihitaji hata senti moja.

Twasema hawaambiwi kwa sababu zipo. Katibu wa kamati ni Mwalimu Mkuu. Ndiye aandikaye muhtasari, ndiye mwenye mhuri, ndiye anayejaza taarifa katika mfumo wa hesabu za vituo, ndiye aendaye benki. Mwenyekiti huchaguliwa kwa heshima yake kijijini, naye hutia sahihi pale anapoonyeshwa. Utaratibu wa namna hii si kosa la mwalimu. Kwa kweli mwalimu ndiye mwenye kuumia kwanza: shule ina walimu wachache, naye anaiacha siku mbili avuke kwenda mjini kwa ajili ya fedha ambazo pengine hazitoshi hata kurudisha nauli aliyotumia. Anaporudi amechoka, na kuitisha mkutano wa wazazi ili kuwasomea matumizi ya shilingi 250,000 huonekana kuwa kazi ya ziada isiyoombwa na mtu. Mwezi unapita. Miezi sita inapita. Siku fedha za darasa zinapoingia, mazoea ya kutosoma hesabu yameshakuwa desturi ya shule.

Tumewahi kusikia hoja kwamba wananchi wa visiwani hawana elimu ya kutosha kusimamia fedha, kwa hiyo ni afadhali mambo hayo waachiwe wataalamu. Hoja hii haifai hata kurudiwa mbele ya watu. Mtu anayeisema na aende mwaloni alfajiri, mitumbwi inapotia nanga. Pale dagaa wanapimwa kwa ndoo, bei inatajwa kwa sauti, kisha yanatolewa mafuta ya injini, chakula, na gharama za taa. Kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye mtumbwi na wavuvi wake kwa mafungu yanayojulikana. Hesabu yote hufanywa mchangani, watu wamesimama, na kijana asiyemaliza darasa la saba atakuambia palipokosewa. Hakuna anayekubali kuambiwa "matumizi mengineyo" bila kuuliza mengineyo ni yapi. Watu hao hao wakiingia katika uwanja wa shule huwa kimya. Hawakusahau kuhesabu walipofika langoni. Pale mwaloni hesabu huwekwa wazi mbele yao, na shuleni imo ndani ya kabati.

Na liko jambo la mwezi, ambalo waandishi wa nyaraka huko makao makuu yawezekana hawajalifikiria. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Katika siku za giza wanaume huwa ziwani usiku kucha, na mchana wamelala. Wanawake wako ufukweni wakianika. Mkutano wa wazazi ukiitishwa saa nne asubuhi katika siku hizo utahudhuriwa na wasio na shughuli, na muhtasari utaandika kwamba wazazi hawana mwamko. Mwamko wanao, ni usingizi tu walio nao wakati huo. Inapofika mbalamwezi, uvuvi wa dagaa husimama, nyavu hushonwa, na kijiji kizima kiko nyumbani. Mwenyekiti anayelijua ziwa huitisha mkutano katika siku hizo. Ratiba inayopangwa kwa kalenda ya ofisi, ili mradi robo ya mwaka isipite bila mkutano, haimpati mvuvi. Twashauri kila halmashauri yenye visiwa ipange mikutano ya shule kwa kufuata mwezi wa angani.

Wavuvi tena wanahama. Kambi huvunjwa kisiwa hiki na kujengwa kile samaki wanapohama, na watoto hufuata wazazi wao. Mwaka 2016 Serikali ilipohakiki idadi za shule ilitangaza kuwapo kwa wanafunzi hewa zaidi ya 65,000 nchini, na kwa kuwa ruzuku hulipwa kwa kichwa, kila jina hewa ni fedha. Uhakiki ule ulikuwa wa haki. Hata hivyo mtoto aliyeandikishwa Ghana au Irugwa mwezi Januari, na ambaye kiti chake ki wazi mwezi Juni, si lazima awe hewa. Yawezekana yuko Maisome, katika kambi, anaanika dagaa na mama yake, na hakuna shule yoyote inayomhesabu. Mkaguzi aliyekuja kwa siku moja ataona jina lisilo na mtu. Anayejua familia ile imehamia wapi, na inatarajiwa kurudi lini, ni jirani. Kamati ya shule ndiyo jirani huyo, iwapo imechaguliwa ikachanganya watu wa kijijini na watu wa kambini. Mara nyingi watu wa kambini huachwa kwa kuwa ni wapitaji. Lakini watoto wao wamo darasani, na fedha zao zimo katika akaunti ya shule. Ni haki gani itakayompa mzazi wa aina hiyo wajibu wa kununua sare na kumnyima kura?

Kuhusu wanawake tutasema machache. Wanaume wanapofuata samaki, wanaobaki wakilijua jina la kila mtoto ni wanawake. Kamati yenye wanawake wawili wa kujazia nafasi imejinyima wajumbe ambao hawataondoka msimu ukibadilika.

Michango nayo inahitaji neno. Januari 2018 Rais wa wakati ule, hayati John Magufuli, alipiga marufuku michango shuleni, na baadaye ikafafanuliwa kwamba mzazi apendaye kuchangia afanye hivyo kwa hiari na kwa kupitia kwa Mkurugenzi, si kwa mwalimu. Chanzo cha amri ile kilikuwa malalamiko ya kweli: watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani. Hata hivyo chakula cha mchana bado kinategemea wazazi katika shule nyingi, na wazazi wanakubali kutoa mahindi, maharage, na pale ufukweni dagaa. Makubaliano hayo hupitishwa katika mkutano. Gunia likishaingia stoo, nani anaandika? Tumeona ubao wa shule uliojaa ratiba ya vipindi na kaulimbiu, pasipo mstari mmoja unaosema magunia mangapi yameingia na mangapi yamepikwa. Mzazi aliyetoa debe lake mwaka huu bila kusomewa hesabu, mwakani atatoa nusu debe, na mwaka wa tatu atamtuma mtoto aseme baba amesafiri.

Bodi za shule za sekondari zina hali tofauti kidogo. Wajumbe wake huteuliwa, na wengine huishi mbali na shule wanayoisimamia. Kwa bodi hizo twasema tu kwamba mjumbe asiyeweza kufika shuleni mara tatu kwa mwaka ampishe mwenzake, hata kama jina lake lapendeza katika orodha.

Wenzetu wa Uganda, tunaopakana nao katika maji haya, wametuachia somo ambalo sisi watu wa magazeti tunaliona kwa fahari kidogo. Utafiti uliofanywa huko juu ya miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba, kwa wastani, shule za msingi zilipata asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotengwa na serikali kuu kwa ajili yao. Nyingine ilikwama wilayani. Serikali ya Uganda ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na kuzitaka shule zibandike ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 sehemu iliyofika shuleni ilikuwa imepita asilimia 80. Wako wataalamu waliosema kwamba magazeti yasipewe sifa zote, kwa kuwa mabadiliko mengine yalifanyika wakati ule ule, na twakubali. Lakini karatasi ukutani haikumdhuru mtu aliyekuwa mwaminifu.

Huku kwetu sheria imeshafungua njia. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inataka Mkutano Mkuu wa Kijiji ufanyike walau kila baada ya miezi mitatu. Hesabu za shule na zisomwe hapo, na Mwenyekiti wa kamati mwenyewe, si katibu wake: kiasi kilichoingia, tarehe, kilichonunuliwa, kwa nani, kilichobaki. Zisomwe kwa Kiswahili cha kawaida, na pale wazee wanapohitaji, zirudiwe kwa Kikerewe, Kijita, Kikara au Kisukuma. Nakala ya taarifa ya benki ikae kwa Mwenyekiti, nyingine ibandikwe mahali wazazi wanapopita, na kisiwani mahali hapo ni mwaloni kuliko ofisini. Wakurugenzi wa Ukerewe na Buchosa wapange safari za wakaguzi zigongane na siku ya mkutano huo, ili afisa aliyethubutu kuvuka maji asiishie kusoma mafaili yale yale aliyoandikiwa, bali awasikie wazazi. Waheshimiwa madiwani wao wapo tayari, na boti hawahitaji.

Liko pia suala la nauli, nalo tunalielekeza TAMISEMI. Gharama ya kuvuka kwenda benki na kurudi ingetengewa fungu lake kwa shule za visiwani, mbali na ruzuku ya wanafunzi. Kwa sasa mtoto wa Ukara na mtoto wa Nyamagana wanahesabiwa shilingi zile zile 6,000, ila za yule wa Ukara zinalipa kwanza nauli ya maji ndipo zinunue chaki.

Kamati yoyote ya shule katika mkoa huu itakayosoma hesabu zake mbele ya wazazi, ituletee nakala yenye sahihi ya Mwenyekiti na mhuri wa kijiji. Tutaichapa katika ukurasa huu kama ilivyo, bila malipo, iwe ya shilingi milioni 40 au ya sanduku tatu za chaki.